Tizita Bila Maneno: Hailu Mergia Jukwaani Brooklyn

Mwaka 2023 kampuni ya Kimarekani ya Awesome Tapes From Africa ilitoa albamu iitwayo Pioneer Works Swing, iliyorekodiwa mbele ya hadhira katika jumba la sanaa la Pioneer Works, Brooklyn, mwezi Julai 2016. Mwenye jukwaa ni Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Kiethiopia aliyezaliwa mwaka 1946, ambaye usiku huo umri wake ulikuwa unagonga miaka sabini. Waliosimama naye ni wawili tu: Alemseged Kebede kwenye gitaa la besi na Kenneth Joseph kwenye ngoma. Hakuna safu ya saksafoni na tarumbeta, hakuna gitaa la kuongoza, wala hakuna mwimbaji mkuu.

Anayeufahamu muziki wa Addis Ababa wa miaka ya 1960 na 1970 ataliona pengo hilo mara moja. Muziki ule ulikuwa wa waimbaji. Majina yake makubwa, Tilahun Gessesse, Mahmoud Ahmed, Alemayehu Eshete, Bizunesh Bekele, ni majina ya sauti za watu; na sauti hizo zilijibizana na ala za kupuliza kama kiongozi wa ngoma anavyojibizana na waitikiaji. Kuupeleka muziki huo jukwaani bila kinywa na bila pulizo ni sawa na kusoma utenzi kwa kuhesabu mizani tu. Hata hivyo, katika rekodi zote za maonyesho ya "muziki wa kale wa Ethiopia" yaliyofanyika ughaibuni tangu mwanzo wa karne hii, ni chache zinazouweka wazi mgogoro wa maonyesho ya namna hiyo kama hii. Mgogoro wenyewe unahusu kumbukumbu: nani anakumbuka, anakumbuka nini, na je, kinachokumbukwa kinaweza kuendelea kuishi mbele ya watu wasiokuwa na kumbukumbu hiyo?

Ili swali hilo lieleweke, sharti kwanza uelezwe mwili wa muziki wenyewe. Ethiopia ya kisasa ilianza kupiga ala za shaba kwa amri ya dola. Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Haile Selassie, aliwachukua kutoka Jerusalem mayatima arobaini wa Kiarmenia waliokuwa wamenusurika mauaji ya watu wao, akawafanya bendi yake rasmi chini ya mwalimu wao Kevork Nalbandian. Miongo iliyofuata mpwa wa Kevork, Nerses Nalbandian, aliifundisha na kuitungia kizazi kipya cha wanamuziki wa mji mkuu. Kufikia miaka ya 1950 na 1960, bendi kubwa zilikuwa za vyombo vya dola: Kikosi cha Walinzi wa Mfalme, Polisi, Jeshi, na Jumba la Maonyesho la Haile Selassie. Tilahun Gessesse na Mahmoud Ahmed wote wawili walipitia bendi ya Walinzi wa Mfalme. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye sare.

Ndani ya sare hizo kulikuwa na muziki mwingine uliokuwa unachemka. Redio na santuri zilileta sauti za James Brown na Elvis Presley. Alemayehu Eshete aliwaiga kwa mtindo wa nywele, kwa mavazi na kwa ukali wa koo. Mulatu Astatke, aliyesoma Uingereza na kisha Boston, alirudi na vibrafoni pamoja na wazo la kuoanisha jazi na ngazi za sauti tano za Kiethiopia. Mwaka 1969 kijana aitwaye Amha Eshete alianza kutoa santuri kupitia kampuni yake, Amha Records, akiivunja waziwazi amri ya kifalme ya mwaka 1948 iliyokuwa imekihodhisha chama cha Hager Fikir biashara yote ya santuri nchini. Kwa miaka michache jiji likawa na sauti yake lenyewe: fanki yenye vinanda vya umeme, iliyotembea juu ya ngazi za sauti ambazo hakuna Mmarekani aliyekuwa amezifikiria.

Mwaka 1974 mfalme aliangushwa na baraza la wanajeshi, Derg. Amha Eshete aliondoka nchini. Usiku wa Addis ukawekewa amri ya kutotoka nje. Ni hapa historia ya Hailu Mergia inapochukua sura yake. Yeye na bendi ya Walias, iliyoitwa jina la mbuzi-mwitu wa milima ya Simien, walikuwa wanapiga katika hoteli ya Hilton, na wakaendelea kupiga hapo kwa takriban miaka kumi. Kwa kuwa mtu aliyeingia kucheza dansi jioni hakuweza kurudi kwake kabla ya alfajiri, kumbi zilifunga milango na bendi zikapiga usiku kucha. Muziki huo ulikuwa starehe ya watu waliofungiwa. Upole wake na marudio yake marefu, ambayo leo husifiwa katika kumbi za Ulaya kana kwamba ni tabia ya asili ya Waethiopia, yalinolewa na ulazima wa kumfikisha msikilizaji salama hadi mapambazuko.

Udhibiti wa serikali, kwa tabia yake, ulikagua maneno. Lahani isiyoimbwa haikuwa na cha kukaguliwa. Mwaka 1977 Mergia na Walias walitoa Tche Belew, albamu ya ala tupu ambayo ndani yake anasikika pia Mulatu Astatke kwenye vibrafoni. Mwaka 1981 bendi ilisafiri kwenda Marekani ikifuatana na Mahmoud Ahmed, na ikapiga hasa mbele ya Waethiopia wenzao waliokuwa wamekimbia nchi. Ziara ilipokwisha, sehemu ya bendi ilirudi Addis na sehemu ikabaki. Mergia alibaki. Mwaka 1985 alijirekodia kaseti peke yake kwa akodiani, vinanda vya umeme na mashine ya ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliacha kupiga hadharani, na baadaye akawa dereva wa teksi katika uwanja wa ndege wa Dulles, karibu na Washington. Kati ya abiria mmoja na mwingine alikuwa akitoa kinanda kidogo cha betri kwenye buti la gari na kufanya mazoezi kwenye kiti cha nyuma. Kaseti ile ya 1985 ilipotolewa upya mwaka 2013 na Awesome Tapes From Africa, ndipo dereva huyo alipoanza tena kuitwa mwanamuziki na watu wasiokuwa Waethiopia.

Habari ya teksi imesimuliwa mno, na ina hatari yake. Humgeuza Mergia kuwa mhusika wa ngano: mfalme aliyefichwa katika matambara, akafichuliwa na mgeni mwenye jicho kali. Ndivyo pia ulivyosimuliwa muziki wote wa kizazi chake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Kifaransa ya Buda Musique imetoa mfululizo wa Éthiopiques chini ya uhariri wa Francis Falceto, na bila kazi hiyo santuri nyingi za Amha na za Kaifa zingebaki mavumbini. Mwaka 2005 filamu ya Jim Jarmusch, Broken Flowers, ilizipeleka lahani za Mulatu kwa watu ambao hawakuwahi kuisikia Addis. Mwaka 2008 Mahmoud Ahmed, Alemayehu Eshete, Getatchew Mekurya na Mulatu walisimama pamoja katika ukumbi wa Barbican, London, wakisindikizwa na Either/Orchestra ya Boston. Mwaka huohuo Mahmoud, Alemayehu na Getatchew walisikika katika viwanja vya Lincoln Center, New York.

Shukrani kwa maonyesho hayo ni wajibu. Waimbaji waliokuwa wametumikia dola mbili bila kupata haki ya jasho lao walipigiwa makofi wakiwa hai. Getatchew Mekurya, aliyekuwa ameyahamishia majigambo ya wapiganaji, yaitwayo shellela, kwenye saksafoni yake, aliishi hadi 2016 akiwa ameona vijana wa Ulaya wakimsikiliza kama bwana wa fani. Lakini tamasha la heshima lina umbo lake, na umbo hilo lina mipaka. Mwimbaji hutolewa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa nyimbo zake maarufu. Bendi hujitahidi kuufuata mpangilio wa santuri ya zamani. Hadhira hupima mafanikio kwa kulinganisha na rekodi iliyo nyumbani. Jina lililotungwa kuuza santuri hizo, "zama za dhahabu", hugeuka kuwa sheria ya jukwaa: chochote kisichofanana na 1972 huonekana ni kasoro. Onyesho la namna hiyo huthibitisha kwamba kitu fulani kilikuwapo, na halina nafasi ya kuonyesha kwamba bado kipo.

Kwa hiyo upungufu wa watu watatu wa Brooklyn si jambo la uchumi peke yake. Bendi ndogo ni nafuu kusafirisha, bila shaka. Lakini Mergia amegeuza unafuu huo kuwa hoja. Watu watatu hawawezi kuiga santuri ya watu wanane, lazima wachague. Kinanda chake, ambacho katika Walias kilikuwa sauti moja kati ya nyingi kando ya saksafoni na filimbi ya Moges Habte, sasa kinabeba kazi ya mwimbaji, ya mwitikiaji na ya safu ya shaba kwa pamoja. Mkono wa kulia hutamka lahani kama mtu anayetamka maneno, ukikawia pale ambapo mwimbaji angevuta pumzi, ukitetemesha noti pale ambapo koo lingetetemeka. Besi hurudia mzunguko wake kwa uvumilivu. Ngoma ndizo zenye ruhusa ya kuzungumza Kimarekani. Matokeo ni muziki wenye nafasi nyingi tupu, na nafasi hizo ndizo anazoalikwa msikilizaji aingie.

Swali ni nani anaweza kuingia. Ushairi wa Kiamhara una mbinu mashuhuri iitwayo "nta na dhahabu", iliyokopwa kwa sonara: sanamu hutengenezwa kwa nta, hufunikwa kwa udongo, nta huyeyushwa ikamwagika, kisha dhahabu ikamiminwa katika uwazi uliobaki. Katika shairi, nta ni maana ya juu inayosikika kwa kila mtu. Dhahabu ni maana iliyositirika, inayotolewa na anayeijua lugha kwa kina. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Taarabu ya Unguja na Mombasa imeishi kwa mafumbo ya aina hiyo, ambapo ua na chombo baharini humaanisha kila kitu isipokuwa ua na chombo. Na mtunzi aliyefumba vyema hawezi kushtakiwa, kwa kuwa mshtaki atakuwa amejifumbulia mwenyewe.

Mergia anapouondoa mdomo kabisa, anaipeleka mbinu hiyo mahali pasipozoeleka. Lahani nyingi anazopiga ni za nyimbo zilizo na maneno, na Mwethiopia aliyekulia nazo huyasikia maneno hayo hata yasipotamkwa. Kwake yeye, kinanda ni ufunguo; wimbo wenyewe unaimbwa ndani ya kifua chake. Jirani yake aliyekuja kwa sababu ya kaseti iliyotolewa upya anasikia kitu kingine: mzunguko wa besi, ngazi ya sauti ngeni, fanki ya polepole yenye huzuni isiyojulikana ilikotoka. Wote wawili wanacheza. Wote wawili wanapiga makofi mahali pamoja. Mmoja ana nta mkononi na mwingine ana dhahabu, na rekodi haiwezi kumwambia mtu makofi yapi ni ya nani. Hapa ndipo penye ukweli mchungu wa maonyesho haya: chumba kimoja kinaweza kuwa na nyimbo mbili, na umoja wa furaha haumaanishi umoja wa maana.

Kuna neno moja la Kiamhara linalosaidia kuupima ukweli huo. Tizita ni jina la mojawapo ya ngazi nne kuu za sauti za Ethiopia, pamoja na bati, ambassel na anchihoye. Ni jina pia la wimbo, au tuseme la shina moja ambalo kila mwimbaji mkubwa huchipuza tawi lake. Na kabla ya yote hayo ni neno la kawaida lenye maana ya kumbukumbu, hamu, majonzi ya kilichopita. Nadra lugha ikakusanya katika neno moja kanuni ya muziki, utungo na hisia. Uzito wa mkusanyo huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Ikiwa kumbukumbu ni ngazi ya sauti, basi kukumbuka ni kazi inayofanywa kwa vidole na kwa pumzi, tena upya kila mara. Hakuna Tizita ya asili ambayo nyingine zote ni nakala zake. Anayepiga Tizita leo anakumbuka leo.

Fasihi ya Afrika Mashariki imewahi kuligusa jambo hili. Mukoma wa Ngũgĩ, mmoja wa waasisi wa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, alichapisha mwaka 2021 riwaya ya Kiingereza, Unbury Our Dead with Song, ambamo mwandishi wa habari wa gazeti la udaku la Nairobi anavutwa na wanamuziki wanne wa Kiethiopia wanaoshindana kuipiga Tizita katika ukumbi mmoja wa jiji hilo, kisha anawafuata hadi Ethiopia. Uhodari wa riwaya hiyo ni kwamba haimwachi msimulizi abaki mtalii wa huzuni za wengine. Kadiri anavyoisikiliza Tizita, ndivyo inavyomtaka aonyeshe alichopoteza yeye. Msikilizaji asiye na lugha anapewa njia ya kuingia, lakini mlangoni anatozwa kitu: alete kumbukumbu yake.

Hilo ndilo tukio linalowezekana Brooklyn, na ndilo linaloitofautisha albamu hii na tamasha la heshima. Mergia haitaki hadhira yake iikumbuke Hilton ya 1977. Wengi wao hawakuwapo, na waliokuwapo hawana hakika kama wanataka kurudi katika usiku ule uliofungiwa milango. Ushahidi mzuri wa nia yake unapatikana katika albamu ya studio aliyoitoa miaka miwili baada ya onyesho hili, Lala Belu ya 2018. Inafunguliwa kwa Tizita ya zaidi ya dakika kumi. Akodiani inaingia polepole, karibu na kulia, kwa namna ambayo mzee yeyote wa Addis angeitambua. Kisha ngoma na besi zinaishika lahani ileile na kuikimbiza hadi inakuwa ya kuchezwa. Mabadiliko hayo hayaufuti msiba wa mwanzo. Yanaonyesha kwamba hamu inaweza kuwa na miguu. Albamu hiyohiyo inafungwa na piano peke yake, bila mdundo wowote, kana kwamba baada ya dansi kuna hesabu ambayo mtu huifanya mwenyewe.

Yale ambayo studio iliyapanga, jukwaa la Brooklyn linayafanya kwa kuyajaribu. Rekodi ina makofi ya watu na hewa ya ukumbi mkubwa uliokuwa kiwanda cha chuma. Kwa msikilizaji mwenye subira, thamani yake iko katika nyakati ambazo watatu hawa wanatafuta njia: kinanda kinapoiacha lahani ikae bila kumalizika, na besi ikakataa kuharakisha, na kwa muda mfupi hakuna anayejua wimbo unaelekea wapi. Nyakati za namna hiyo hazipo katika santuri za Amha, ambazo zilipaswa kumaliza kila kitu katika dakika chache za upande mmoja. Zinatoka katika usiku mrefu wa hoteli. Kwa maana hiyo, bendi ndogo ya ughaibuni iko karibu zaidi na Addis ya kweli kuliko okestra inayoiga santuri za Addis kwa uaminifu wa neno kwa neno.

Uhakiki wa haki hauwezi kuishia kwenye sifa. Kuna hasara tatu katika njia aliyoichagua Mergia, na mashabiki wake hawapendi kuzitaja. Ya kwanza ni ya kimuziki. Ubishi baina ya sauti na shaba ulikuwa moyo wa muziki ule. Ala za kupuliza zilizozaliwa katika bendi za kijeshi zilikuwa na ukali ambao koo la mwimbaji lililazimika kuupinga. Kinanda kikichukua pande zote mbili za ubishi, ubishi hugeuka mazungumzo ya mtu mmoja na nafsi yake. Ni mazungumzo mazuri, lakini ukali umepotea, na pengine pamoja nao kumbukumbu kwamba muziki huu ulitungwa chini ya watu wenye bunduki.

Ya pili ni ya lugha. Muziki usio na maneno ni rahisi kuuzwa popote. Msikilizaji wa kigeni haombwi ajifunze hata neno moja la Kiamhara. Anapewa Ethiopia iliyokwisha kulainishwa. Mbinu iliyowahi kuuficha wimbo usifikiwe na mdhibiti sasa inaweza kumwezesha mnunuzi kuupita wimbo bila kuugusa. Kilichokuwa sitara kimekuwa urahisi. Lawama hii haimwangukii Mergia peke yake, lakini haiwezi pia kuondolewa kwake kwa sababu tu ya umri na mapito yake.

Ya tatu ni ya jina la kampuni iliyotoa albamu, ambayo kwa maana yake inaahidi kanda za ajabu kutoka Afrika. Onyesho hili halikutoka Afrika. Lilipigwa Brooklyn na mkazi wa Marekani wa miaka thelathini na mitano, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima ilipita katika barabara za Virginia na Washington. Kuliita la Afrika bila kuongeza neno ni kuufuta uhamiaji wake, yaani kuifuta sababu hasa inayoifanya Tizita yake iwe na uzito. Muziki huu ni kazi ya watu wa ughaibuni, nao wana haki ya kuitwa hivyo.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi nje ya pwani yao wana sababu ya karibu ya kuyatafakari haya. Kampuni ileile ya Buda Musique iliyotoa Éthiopiques ndiyo iliyotoa mfululizo wa Zanzibara, ambamo taarabu ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, sauti ya Bi Kidude, na muziki wa dansi wa Dar es Salaam vimepangwa rafu moja na Mahmoud na Mulatu. Muziki wa dansi, kama ule wa Addis, ulikuwa na waajiri wa umma: NUTA Jazz, ya mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, ya mwaka 1978, ilibeba mbele ya jina lake herufi DDC za shirika la maendeleo la jiji. Mfanano huo hauzifanyi historia mbili kuwa moja, kwani Dar es Salaam haikuujua ugaidi wa Derg. Lakini unazifanya hatima za nyimbo ziweze kulinganishwa.

Kiswahili kimeupa muziki huo jina lake, zilipendwa, na jina hilo linastahili kuchunguzwa kisarufi. Njeo yake ni iliyopita. Kauli yake ni ya kutendwa. Na mtenda hatajwi. Zilipendwa na nani? Ziliacha lini kupendwa? Neno linaufunga mlango kwa upole, likizipa nyimbo heshima ya marehemu. Kulitumia kwa Msondo au kwa Sikinde, ambazo kwa miongo mingi ziliendelea kupiga wiki baada ya wiki mbele ya watu wanaocheza, ni kuwaandikia tanzia watu walio hai. Tizita haina njeo. Inataja kitendo cha kukumbuka bila kusema kwamba kinachokumbukwa kimekwisha. Tofauti kati ya maneno haya mawili ni tofauti kati ya aina mbili za maonyesho: lile linalowaita watu waje kuona kilichopendwa, na lile linalowaita waje kupenda tena, pengine kwa namna ambayo wazee hawakuitarajia.

Sikio la Kiswahili, isitoshe, halikosi maandalizi ya kuisikia lahani isiyoimbwa. Onyesho la taarabu ya kimila hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu kinachopigwa watu wakiwa wanatafuta viti na kusalimiana. Wengi hukichukulia kuwa utangulizi tu, kitu cha kupita kabla ya mwimbaji kusimama. Wajuzi husikiliza humo kila kitu kitakachosemwa baadaye. Albamu ya Mergia inaweza kusikilizwa kama bashraf ndefu ya mji ambao mwimbaji wake amechelewa, au amekataliwa ruhusa, au amekufa ugenini. Wanaoyajua maneno wataendelea kuyasikia. Wasioyajua wanabaki na kazi ya kufanya, nayo ni kujifunza lugha ya wenyewe au kuileta huzuni yao wakaiweka kando ya ile ya wenye wimbo.

Kwa mizani hiyo, Pioneer Works Swing ni kazi yenye dosari zinazoonekana na fadhila moja isiyo ya kawaida. Haiombi ipendwe kwa sababu ya yaliyokuwapo. Inamsikilizisha mtu wa miaka inayokaribia sabini akiendelea kutunga mbele ya watu, kwa lahani za ujana wake, katika mji usio wake, na bila kuomba radhi kwa kuwa si 1977 tena. Kwa jamii yoyote ya ughaibuni inayojiuliza nyimbo zake zitabaki na nani pindi wazee watakapoondoka, hilo ni jibu la kuanzia. Nyimbo hubaki na anayezipiga, kwa muda wote anaozipiga; na rafu za kampuni, hata zikipangwa kwa mapenzi makubwa namna gani, ni ghala tu la kumwekea mahitaji yake.